Karura: geti ni la nani?

Wadau, mwaka 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti Karura, enzi zile vigogo wameshagawana msitu. Leo familia za Nairobi zinatembea humo, kwenye zaidi ya ekari 2,500.

Ila 2025 vuta nikuvute ilirudi kivingine. Shirika la misitu liliagiza ada za getini zipitie eCitizen, chama cha wananchi kinachotunza msitu nalo kikapinga.

Kulipa kwa simu si kosa jamani. Swali ni je, hela ikishaingia mfuko mkubwa, itarudi kulipa askari na kukarabati uzio? Uzio ukianguka, wanyakuzi hawatahitaji hati. Maathai hakupigwa ili tununue tiketi tu. Mnasemaje?