Rousseau naye alibebwa kasrini

Nimepotea siku kadhaa, testi zimetubana kweli kweli. Leo nimeiba nusu saa, maana jana usiku chumbani kwetu hapakulalika.

Chanzo ni swahiba wetu mmoja tuliyeanza naye mwaka wa kwanza. Sasa hivi yuko Ufaransa, mji wa Tours, na makasri ya bonde la mto Loire yamemzunguka kila upande. Katuandikia kwamba kajibana, kapata visenti, anauliza: alale usiku mmoja kasrini, au ni ushamba tu? Jamaa wa kitanda cha juu akajibu kabla hata sijamaliza kusoma. Eti hela ya mtoto wa mkulima isiende kuezeka paa la watu walionyonya wakulima. Akageukia ukutani, kesi imekwisha!

Kwangu haijaisha. Sisi wa ualimu Rousseau tunamsoma mpaka tunamwota, yule wa Émile, 1762, mtoto alelewe kwa kufuata maumbile na kadhalika. Darasani hakuna anayekwambia kwamba miaka ya 1740 bwana huyu alibebwa kwenye kasri la Chenonceau. Alikuwa katibu wa mama mwenye nyumba, Louise Dupin, akimwandikia madesa ya kitabu kuhusu usawa wa wanawake na wanaume (kitabu hakikuchapishwa enzi za uhai wa yule mama). Mwenyewe kasimulia kwenye Confessions kuwa msosi wa pale ulimnenepesha. Na msosi ule ulitoka wapi? Mume wa mama huyo, Claude Dupin, alikuwa mmoja wa matajiri waliokodishwa na mfalme kazi ya kukusanya kodi, na kodi ya chumvi ya maskini ilikuwemo. Halafu mgeni wao ndiye akaja kuandika kuhusu chanzo cha kutokuwepo usawa kati ya binadamu, 1755. Watoto wake mwenyewe watano aliwapeleka kwenye nyumba ya watoto waliotupwa. Sasa niambieni, hayo ningeyajua wapi kama kila mtu angesema makasri yaachwe yaoze?

Kwa hiyo dada yangu, nenda. Treni kutoka Tours haifiki hata saa moja, na stesheni iko jirani kabisa na lango. Usianze na vitanda vya wafalme, anza na jiko. Majiko yamo ndani ya nguzo kubwa za kwanza zinazosimama mtoni Cher, chakula kilikuwa kinashushwa pale moja kwa moja kutoka kwenye mashua. Hapo ndipo utawaona waliofanya kazi. Ukimaliza panda kwenye ule ukumbi wa mita 60 uliokaa juu ya daraja. Daraja alilijenga Diane de Poitiers, kipenzi cha mfalme Henri II. Mfalme alipofariki 1559, mkewe Catherine de Médicis akamhamisha Diane, kisha akajenga ukumbi juu ya daraja la mke mwenza. Wanawake hawa hawakuwa na utani!

Ila ukumbi huo ndio unaonifanya nimpinge jamaa wa kitanda cha juu. Vita ya kwanza ya dunia ulikuwa hospitali, wakatibiwa majeruhi zaidi ya 2,000 kwa gharama za familia ya Menier, wenye kiwanda cha chokoleti. Vita ya pili mto Cher ukawa mpaka, upande mmoja Wajerumani, upande wa pili eneo ambalo hawakuwa wamelikalia bado, na watu walitoroka kwa kupita ndani ya ukumbi huo huo. Nyumba haichagui nani ataihitaji kesho.

Kulala je? Hapo jamaa ana hoja. Versailles kuna hoteli ilifunguliwa 2021 ndani ya eneo la ikulu, vyumba 14 tu. Boom la muhula mzima halikutoshi usiku mmoja! Hapana, hiyo waachie wenyewe. Tafuta kasri dogo la familia, lile ambalo mwenye nyumba ndiye anakuletea kifungua kinywa, na hela yako unajua inakwenda kwenye vigae. Paa la nyumba kama ile halimwogopi mtu. Mwaka 2017 watu zaidi ya 25,000 walichanga kupitia intaneti wakalinunua gofu la La Mothe-Chandeniers, lililoungua 1932 na miti ikaota ndani. Wengi si matajiri, kiingilio kilikuwa euro 50. Hao nao tuwaite wanyonyaji?

Na Villandry usiikose. Joachim Carvallo, daktari kutoka Hispania, na mkewe Mmarekani Ann Coleman waliinunua 1906, wakang'oa bustani ya mtindo wa Kiingereza, wakapanda upya kwa mpangilio wa zamani. Kuna miraba tisa ya mboga, kabichi na maboga yamepangwa kama mkeka. Mimi mtoto wa mkulima ningekaa hapo siku nzima, vyumba vya ndani wapite wengine.

Jamaa ameamka, kasoma hii begani kwangu, anasema bado hajakubali. Dada, ukilipata hilo kasri dogo, tutumie bei na picha ya jiko.