Ponti ya mbele ya pikapu yetu: tuifungue nyumbani ao tuiache?

Mwezi huu hatutaongea juu ya mbegu wala samadi. Tunataka kuongea juu ya chuma kilicho chini ya gari, kwa sababu chuma hicho kimetula feza ya mavuno mazima, na tunaogopa kitakula ya wengine pia.

Wengi wetu tunajua njia ya kutoka Goma kwenda Sake na kupanda Mushaki. Mpaka Sake hakuna neno. Kuanzia pale, mvua ikinyesha, udongo unakuwa kama sabuni. Masika iliyopita pikapu yetu ililala usiku mbili kwenye mlima huo, na magunia 12 ya birayi mgongoni. Ilipofika Goma, magunia manne yalikuwa yameanza kutoa maji, na mama waliokuwa wametuagiza walikuwa wamekwisha kununua kwa watu wengine. Hatuwezi kuwalaumu. Mchuuzi hangojei gari.

Shofere wetu akatuambia: “Bazee, hii gari iko na nguvu, lakini ponti ya mbele inatuangusha. Tairi moja ikiingia mu matope, ni ile tu inazunguka. Ingine inasimama, inaangalia.” Alisema kweli. Hiyo ndiyo kazi ya diferansieli ya kawaida: inaruhusu tairi ya kushoto na ya kuume zizunguke kwa mwendo tofauti, ili gari iweze kukata kona. Lakini kwenye utelezi uzuri huo unageuka ubaya. Nguvu inaenda kwenye tairi iliyo nyepesi, ile iliyokaa vizuri inabaki bure. Dawa yake inaitwa blokaji: kifaa kinachofunga pande mbili pamoja, zizunguke kama kitu kimoja.

Basi kamati ilikaa, tukapiga kura, wengi wakasema ndiyo. Tukanunua ponti ya mtumba yenye blokaji, iliyotolewa kwenye gari iliyokufa. Muuzaji alisema: “Ni ileile kabisa.” Vijana wetu wawili walikuwa wameangalia video kwenye simu. Tukaamua kazi ifanyike nyumbani, kwenye kiwanja cha mmoja wetu, ili tuokoe feza ya garaji.

Tunaeleza makosa yetu waziwazi, kwa maana ushirika usiosema makosa yake utayarudia.

Kosa la kwanza lilikuwa karibu kuua mtu. Tulipandisha gari kwa kriki, tukaikalisha juu ya mawe. Huku Goma mawe hayanunuliwi, volkeno imetupa mengi. Lakini jiwe la volkeno limejaa matundu kama mkate. Linafaa kujenga ukuta, halifai kubeba tani mbili za chuma zinazotikisika. Moja likapasuka, gari ikashuka kiasi cha kiganja. Kijana aliyekuwa chini yake alikuwa ametoka dakika hiyo kuchukua ufunguo. Tangu siku ile hatuweki gari juu ya jiwe. Tunatumia vigoda vya chuma ao magogo mazito ya mti mgumu yaliyopangwa kwa msalaba, na tairi zinazobaki chini tunaziwekea vizuizi.

Kosa la pili ni vumbi. Mchanga mweusi wa Goma ni lava iliyosagika, unakwaruza kama karatasi ya msasa. Ukiingia ndani ya ponti pamoja na mafuta, unakula rulema na meno ya gia polepole, na hausikii kitu mpaka siku sauti inapoanza. Sisi tulifungua ponti chini ya anga, upepo ukipiga, watoto wakipita. Ilitupasa kutandika turubai safi, kuosha ponti nje kabla ya kuifungua, na kufunika kila tundu kwa kitambaa.

Kosa la tatu ndilo lililotumaliza. Hatukuhesabu meno.

Ndani ya kila ponti kuna kurone, ile gia kubwa ya duara, na pinyoni, gia ndogo inayoisukuma. Ponti yetu ya nyuma ilikuwa na meno 41 kwa 10: kardani inazunguka mara 4.1 ili tairi izunguke mara moja. Ile ya mtumba tuliyoweka mbele ilikuwa na meno 43 kwa 11, maana yake mara 3.9 tu. Mtu atasema tofauti hiyo ni ndogo. Tufanye hesabu. Tairi zikizunguka mara 100, kardani ya nyuma inataka kuzunguka mara 410, ya mbele mara 391. Lakini ukiingiza kazi ya tairi nne, kardani zote mbili zimefungwa pamoja kwenye buati ya transferi. Haziwezi kuachana. Zile raundi 19 lazima ziende mahali fulani. Kwenye matope tairi zinateleza, deni linalipwa bila kujua. Kwenye njia ngumu hakuna kuteleza, na chuma ndicho kinacholipa.

Kwa wiki tatu tulifurahi. Mushaki tulipanda kama mbuzi. Siku moja shofere alishuka mpaka Sake, akaingia lami ya kwenda Goma, akasahau kutoa kazi ya tairi nne. Kabla ya kufika mjini, mlio mkubwa ulisikika chini, na gari ikasimama. Buati ya transferi ilikuwa imepasuka. Kuitengeneza kulitugharimu kuliko ponti yenyewe, na gari ilikaa miezi miwili bila kazi. Miezi hiyo mavuno yetu yalisafiri kwa pikipiki na chukudu, na kila aliyetubebea alichukua sehemu yake.

Je, sasa tunasema ponti ya mbele isiguswe? Hapana. Kuna wanachama wanaosema: “Gari ni mambo ya garaji, mkulima ashike jembe lake.” Hatukubaliani nao. Mwenye chukudu ameichonga ao ameichongesha yeye mwenyewe, anaujua kila msumari wake, na mpira wa tairi ukiisha anaubadilisha kando ya njia. Kwa nini sisi wenye pikapu tuwe kama wageni mbele ya mali yetu? Tunachosema ni hiki: tujue kazi gani ni yetu, kazi gani ni ya fundi, na tuzifanye kwa mpangilio.

Kazi zetu, za kufanya nyumbani, ni hizi. Ya kwanza ni mafuta. Toa mafuta ya ponti, yaangalie. Yakiwa meupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Yakiwa na unga wa chuma unaong'aa kidogo kwenye kifuniko chenye sumaku, ni uzee wa kawaida. Ukiona vipande vya meno, simama, usiendeshe tena. Unapoyarudisha, tumia mafuta mazito ya gia yenye alama ya GL-5, kwa kiasi na uzito ambao kitabu cha gari kinasema. Na kabla ya kufungua tundu la kutolea, hakikisha kwanza kwamba tundu la kujazia linafunguka. Tumeona watu wakimwaga yote, halafu wakashindwa kurudisha.

Ya pili ni pumzi ya ponti. Juu ya kila ponti kuna kitundu kidogo cha kupumulia. Ponti ikiwa ya moto ikaingia kwenye mto, hewa ya ndani inapoa ghafla na kusinyaa. Kitundu kikiwa kimeziba kwa matope, ponti inavuta maji kupitia mipira inayozuia mafuta. Kisafishe, halafu ufunge bomba la mpira refu linalopanda mpaka juu, karibu na injini. Kazi ya saa moja, kwa bei ya bomba. Hakuna uboreshaji wa ponti ulio rahisi kuliko huu, na hata sisi tuliuruka tukakimbilia blokaji!

Ya tatu ni kuhesabu, kabla ya kununua chochote. Huhitaji kufungua ponti. Toa gia, toa kazi ya tairi nne, achia breki ya mkono, weka vizuizi kwenye tairi nyingine zote. Inua tairi moja tu, ile ya upande wa pili ikae chini. Kama ni ya mbele na gari ina vifungio vya tairi, vifunge. Paka kardani alama ya chaki. Zungusha tairi hiyo raundi 20 kamili, mwenzako ahesabu raundi za kardani. Akipata 41, ponti yako ni ya 4.1. Akipata 39, ni ya 3.9. Fanya mbele na nyuma: hesabu lazima zifanane. Na ponti ya mtumba iliyo mezani kwa muuzaji, mwambie aizungushe mbele yako, uhesabu meno kwa macho. Akikataa, rudi nyumbani na feza yako.

Ya nne, kama unapata kichwa cha ponti kizima, kilichopangwa tayari na hakijafunguliwa, chenye hesabu sawa na kilichotoka, kundi lenye uangalifu linaweza kukibadilisha nyumbani, mahali safi. Hiyo tunaikubali.

Lakini kuna mlango ambao tusiupite bila fundi wa kweli. Kuweka blokaji mpya ndani ya kichwa cha zamani maana yake ni kutoa kurone, kubadilisha rulema, na kupanga upya namna meno yanavyogusana. Nafasi kati ya kurone na pinyoni inapimwa kwa sehemu za milimita. Kwa Toyota nyingi inakuwa kama milimita 0.13 mpaka 0.18, na kila gari ina kipimo chake kwenye kitabu. Jicho halioni hapo, kidole hakisikii. Inatakiwa saa ya kupimia, rangi ya kupaka kwenye meno ili kuona yanagusana wapi, na ufunguo unaopima nguvu ya kukaza. Fundi akikuambia “mimi napima kwa mkono tu, nina miaka mingi”, msalimie kwa heshima, umtafute mwingine. Gia zikibana sana zinaungua, zikilegea sana zinavunja meno.

Na hata blokaji ikiwekwa vizuri, inahitaji adabu. Ya mbele ikifungwa, usukani unakuwa mzito. Ukikata kona kwa nguvu wakati imefungwa, unaweza kuvunja viungo vya ekseli za mbele. Inafungwa wakati wa kutoka kwenye shimo, kwa mwendo wa mguu, usukani ukiwa karibu kunyooka, kisha inafunguliwa. Tukiwa wakweli, masika ile tairi zetu zilikuwa zimeisha kashata na mzigo ulizidi. Tairi nzuri, upepo uliopunguzwa kidogo kwenye matope na kurudishwa Sake, magunia mawili pungufu, minyororo miwili nyuma ya kiti: pengine tungepanda bila blokaji yoyote.

Tunalo neno pia kwa wahisani wetu, na tunalisema katika gazeti lao wenyewe, kwa heshima. Gari linapokabidhiwa ushirika, kuna picha, kuna hotuba, kuna funguo zenye utepe. Hakuna kitabu cha gari kwa lugha tunayosoma, hakuna saa ya kupimia, hakuna siku tatu za mafunzo kwa shofere na vijana wawili. Vyama vinne ao vitano vya njia moja vinaweza kushirikiana sanduku moja la vifaa vya kupimia na fundi mmoja aliyefunzwa. Kama feza haitoshi kwa gari na sanduku, tupeni gari iliyotumika kidogo, pamoja na sanduku.

Kwetu sisi wanachama, tunapendekeza mambo matatu kwa mkutano mkuu ujao. Kwanza, hakuna kifaa cha ponti kitakachonunuliwa bila karatasi ya hesabu ya meno, mbele na nyuma, iliyowekwa sahihi na shofere pamoja na mwanachama mmoja. Pili, kila gunia linalosafiri litoe kitu kidogo kwa kisanduku cha matengenezo, kisiguswe kwa kazi nyingine. Tatu, hakuna mtu ataingia chini ya gari ambayo haijakaa juu ya vigoda, hata kama mzee wa ushirika ndiye anamtuma.

Kijana yule aliyeponea chupuchupu, tulimuuliza kama bado anataka kujifunza ufundi. Akajibu: “Ndiyo, lakini muninunulie kwanza vigoda.” Tumevinunua. Viko vinne, ghalani, karibu na mizani ya birayi. Chama jirani kikihitaji, kije kuazima.