Deni Halizeeki, Dai Huzeeka

Simu iliita saa tatu asubuhi, shangazi yangu akiwa uani kwake Kisauni anakuna nazi. Kijana wa upande wa pili alimtaja kwa majina yake yote matatu, akamtajia na hospitali aliyolazwa mwaka 2011, kisha akamweleza kwamba anadaiwa shilingi 18,400 na faili lake liko njiani kwenda kwa wakili. Alisema kwa upole. "Mama, sisi hatutaki kukusumbua. Tuma hata mia tano leo, tuone una nia njema."

Shangazi aliiacha nazi, akaenda kulitoa kopo la biskuti anamoweka karatasi zake. Nilikuwepo tulipolimwaga mezani. Risiti za hospitali zilikuwamo, tano au sita, zimekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira. Ila zilikuwa zile za karatasi nyororo inayochapwa kwa joto, na maandishi yalikuwa yameshafutika. Ukiiinua moja dirishani uliona kivuli cha tarehe, basi. Pengine mojawapo ndiyo iliyomaliza bili ile. Pengine hapana. Aliyejua ni marehemu mumewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akienda kulipa.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza mtu anafaa kudaiwa mpaka lini. Tumelelewa kwa neno kwamba dawa ya deni ni kulipa, na kwetu Pwani maiti haitoki kabla msemaji wa familia hajasimama kuuliza kama yuko aliyemdai marehemu. Naiheshimu mila hiyo kwa moyo wote. Mbele ya Mungu na mbele ya dhamiri, deni halina siku ya kuisha. Lakini dai ni kitu kingine. Dai ni haki ya kumwandama mtu, kumfikisha kortini, kumnyima raha nyumbani kwake, na haki hiyo haisimami bila ushahidi. Tena angalia mila yenyewe inavyofanya: mdai huitwa hadharani, wajuao mambo wangali hai na wamekaa palepale kwenye mkeka.

Sheria nayo inatenganisha deni na dai. Nchini Kenya, Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, humpa mwenye dai la mkataba miaka 6 ya kufungua kesi, tangu siku haki ya kudai ilipozaliwa. Tanzania, chini ya Sura ya 89, ni miaka 6 vilevile. Ikiwa kesi ilishaamuliwa, mambo ni tofauti, kwa sababu hukumu ya korti Kenya huishi miaka 12. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumuuliza anayekupigia ni kama kuna hukumu, ya korti gani, ya mwaka gani.

Miaka 6 ikipita bila kesi, deni halifutwi. Mlango wa korti ndio unaofungwa, na anayeweza kuufungua tena ni mdaiwa mwenyewe. Kifungu cha 23 cha sheria ile ya Kenya kinasema akilikiri deni, au akilipa chochote katika deni hilo, haki ya kudai huhesabiwa upya kuanzia siku hiyo. Kukiri kunatakiwa kuwe kwa maandishi na sahihi. Malipo yanatosha yenyewe. Sasa ile mia tano inaeleweka. Ikishaingia kwenye rekodi ya M-Pesa, ni ushahidi mpya kwa mtu ambaye huenda hakuwa na ushahidi wowote. Mawakili wanaweza kubishana kama malipo yaliyokuja baada ya miaka 6 kwisha yana nguvu hiyo. Mjane wa Kisauni hana fedha za kumweka wakili wa kubishana.

Kuna tofauti moja kati ya nchi hizi mbili ambayo naona Wakenya tungeitazama kwa makini. Tanzania, kifungu cha 3 cha Sura ya 89 kinaiamuru mahakama kulitupa shauri lililochelewa hata kama mdaiwa hakulalamikia muda. Kenya, Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010 zinamtaka mdaiwa autaje utetezi huo kwenye majibu yake. Asiyejua, hautaji. Asiyejibu samansi kabisa, kwa kudhani kwamba deni la zamani limejifia, anaweza kupewa hukumu bila kusikilizwa. Hapo ukomo unakuwa ngao ya wenye mawakili, ilhali wanaouhitaji zaidi ni wale wenye kopo la biskuti.

Najua upande wa pili una hoja. Mwenye duka aliyetoa unga kwa daftari ameumia. Hospitali ndogo iliyomtibu mgonjwa kwanza na kuuliza pesa baadaye imetenda wema, na kuisahau bili yake ni kuukata mkono wa wema huo. Sitaki wakose haki yao. Ila miaka 6 si muda mfupi, na mdai ndiye mwenye vitabu vya hesabu. Akikaa kimya muda wote huo, kisha akamwachia kazi kampuni ya kukusanya madeni, uzito wa kuthibitisha haufai kuhamia kwa mgonjwa aliyepewa risiti inayofutika.

Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya iliwawekea kanuni wakopeshaji wa kidijitali: marufuku kutisha, kutukana, au kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa. Hatua njema, lakini kanuni hizo haziihusu bili ya hospitali wala karo ya shule. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji. Napendekeza Bunge liijaze ibara hiyo kwa sharti dogo: kila anayedai deni la zamani, kabla ya kupokea hata shilingi, aeleze kwa maandishi deni lilianza lini, malipo ya mwisho yalikuwa lini, na kama miaka 6 imeshapita. Na hakimu aulize tarehe hata pale mdaiwa alipokosa kufika.

Kijana alipiga tena Alhamisi. Safari hii shangazi alikuwa na kikaratasi tulichoandika pamoja, akakisoma polepole. Hakusema anadaiwa, hakusema hadaiwi. Aliomba bili yenyewe, hesabu ya malipo yaliyopokelewa, na barua inayoonyesha kwamba hospitali imewatuma.

"Mama, lakini hiyo mia tano..."

"Niletee karatasi, mwanangu. Nikiona nadaiwa nitakuja kulipa pale hospitali kwa mkono wangu, na risiti yake nitaitoa kopi siku hiyohiyo."

Kopo bado liko mezani. Karatasi haijaja.