Kutu ya Diski za Breki: Pa Kupaka Rangi na Pa Kuacha



Wasomaji wetu watatuwia radhi. Safu hii imezoea kuzungumza juu ya unyumba, malezi na mirathi, na leo tunazungumza juu ya chuma. Lakini gari siku hizi limeingia katika mambo ya nyumba kama lilivyoingia jiko, na anayeliendesha aghalabu ni mama aliyepakia watoto nyuma. Haya tutakayoyaeleza hatukuyasoma chuoni. Tulifundishwa njiani, baina ya Migori na Homa Bay, tulipokwenda nchi ya ziwani kuhudhuria nikaha ya jamaa zetu.

Binti wa ndugu yetu ni muuguzi, ameolewa mjini Migori. Gari lake alilinunua Mombasa, limeshushwa bandarini kutoka Japani kama yalivyo mengi ya Kenya, ambako sheria hairuhusu kuingizwa gari kuukuu lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Rimu zake ni za aloi, zina mianya mipana, na katika mianya ya magurudumu ya mbele diski za breki huonekana waziwazi. Rimu ziling'aa, diski zilikuwa nyekundu kama chungu. Majirani wakamtania kwamba ameuziwa gari lililoopolewa baharini, naye akaona haya. Shemeji yake, kijana mwenye nia njema, akachukua kopo la rangi ya fedha lililobaki walipopaka lango la nyumba, akapuliza ndani ya mianya bila ya kufungua hata nati moja. Jioni ile gari lilipendeza. Hata sisi tulilisifu, Allah atusamehe kwa kusifu tusichokijua.

Asubuhi tukatoka kwenda Homa Bay, sisi mbele kando ya binti yetu, wanawe wawili nyuma. Karibu na Awendo tulisikia harufu ya kuungua, tukadhani ni miwa inachomwa mashambani. Tukapita Rongo, tukashika barabara inayoteremkia ziwani. Hapo ndipo alipokanyaga breki na gari likaendelea kwenda. Akakanyaga tena kwa nguvu zaidi. Likapunguza mwendo, lakini likawa linavuta upande wa kushoto. "Ami," akatuambia kwa sauti ndogo ili watoto wasisikie, "gari leo halinitii." Akateremsha gia, akaliacha lipungue lenyewe, akaliegesha pembeni penye nyasi. Tulishuka miguu ikitutetemeka. Nyuma yetu likapita lori lililosheheni, na hatukutaka kulitazama.

Fundi aliyekuja kutoka Homa Bay mjini alifungua gurudumu la kushoto, akatuonyesha. Diski ni sahani nzito ya chuma cha kusubu. Uso wake hubanwa na pedi mbili, moja kila upande, na msuguano huo ndio unaolisimamisha gari. Rangi ya lango ilikuwa imeyeyuka kwa joto, ikapakaa katika pedi na kuzifanya laini zenye mng'ao mfano wa kioo. Upande mmoja ulipata rangi nyingi kuliko wa pili, ndiyo maana gari likavuta. "Shehe," alisema, "huyu kijana amepaka pale pasipopakwa, na pale panapopakwa hakupafikia."

Maneno hayo tuliyaelewa mara moja, kwa kuwa kinamama hutuuliza kila mara juu ya rangi ya kucha. Jibu letu wanalijua: rangi si haramu kwa kuwa ni rangi, tatizo ni kuziba mahali ambapo maji ya udhu hayana budi kufika. Basi uso wa diski ni mahali ambapo pedi haina budi kufika. Kikaingia kitu baina yao, kiwe rangi, grisi au mafuta ya kupikia (naam, wapo wanaopaka mafuta ya kupikia ili kuzuia kutu), breki imebatilika.

Na kutu ya uso ule haihitaji dawa. Chuma cha kusubu kikikutana na maji na hewa hushika wekundu kwa usiku mmoja tu, baada ya mvua au baada ya kuoshwa gari. Asubuhi utasikia mkwaruzo, ukanyage breki mara mbili tatu kwa mwendo wa taratibu, na pedi zitaipangusa yote. Inayodumu ni kutu ya mahali pedi zisipogusa: sehemu ya katikati iliyoinuka mfano wa kofia, na ukingo wa nje. Hiyo ndiyo iliyomtia haya binti yetu, na hiyo ndiyo inayopakwa rangi.

Tulikaa juu ya jiwe, tukamtazama fundi akiifanya kazi ile upya. Alitia mawe nyuma ya magurudumu, akainua gari kwa jeki, kisha akaliweka juu ya stendi za chuma, kwa kuwa jeki peke yake si ya kuaminiwa. Watoto aliwafukuza mbali. Vumbi la breki hakulipuliza kwa mdomo wala kwa pampu. Alililowesha kwanza, maana si jema kifuani. Pedi zilizopakaa rangi alizitupa na kutia mpya. Uso wa diski aliusugua kwa msasa na kuufuta kwa dawa ya kusafishia breki hata chuma kikaonekana kitupu. Ndipo akaichukua brashi ya waya, akakwangua kutu ya kofia na ya ukingo. Kupaka rangi juu ya kutu iliyolegea ni kupaka chokaa juu ya ukuta unaomomonyoka.

Uso wote wa diski akaufunika kwa karatasi na utepe, pande zote mbili, akaziba pia tundu za skrubu na misumari ya nati. Rangi aliyoitumia ni ile inayostahimili joto kali, ipakwayo injini na bomba la moshi, kwani diski katika mteremko mrefu hupita nyuzi joto 200, na rangi ya kawaida huungua na kubanduka. Alipuliza tabaka jembamba, akangoja likauke, akapuliza jingine. Pale rimu inapokalia diski hakupaka kitu: rangi nene ikikaa hapo hujikandamiza baadaye, na nati hulegea. Alituonyesha pia tarakimu zilizopigwa muhuri katika chuma, kipimo cha unene wa mwisho kwa milimita, ambacho diski ikikonda kupita hapo hubadilishwa. Hizo zisizamishwe ndani ya rangi, fundi mwingine atazihitaji. Na diski iliyoliwa na kutu hata ikaingia mashimo usoni, kama ya gari lililolala miezi mvuani, haitibiwi kwa rangi wala kwa msasa. Ni ya kupelekwa kuchongwa ikiwa unene unaruhusu, au kutupwa.

Baada ya kufunga magurudumu alimwambia binti yetu akaze nati tena akishakwenda kilomita 50 hivi, na siku za kwanza asikanyage breki kwa ghafla ila kwa dharura, hata pedi mpya zizoeane na diski.

Wasomaji wetu wa Mombasa, Lamu na Kwale wana taabu zaidi ya hiyo. Maji ya Ziwa Viktoria ni maji baridi, na kutu ya kule huletwa na mvua na unyevu. Yetu ina chumvi ndani yake, na chumvi huharakisha mno. Gari linalolala karibu na ufuo huanza kushika wekundu tena mapema, hata kama limepakwa vizuri, basi lioshwe kwa maji matamu chini na ndani ya magurudumu, kisha liendeshwe kidogo kabla ya kulazwa. Asiyejua kazi hii asiifanye, amwite fundi. Lakini mwenye gari asimame hapo hapo, aone kwa macho yake uso wa diski umefunikwa kabla ya kopo kutikiswa.

Usiku wa mwisho wa ziara yetu Migori mvua ilinyesha hata alfajiri. Tulipotoka msikitini tulikuta kofia za diski zimetulia na weusi wao, na uso umeshika wekundu upya. Yule kijana akatutazama, mikono nyuma, hana kopo. Binti yetu akaingia, akalitoa gari langoni polepole, akakanyaga breki mara tatu. Lilipofika kwenye lami uso wa diski ulikuwa mweupe.