Wanga Haujakukosea

Kila Januari hakosi mtu wa kunitangazia kwamba ameacha ugali. Anaisema kama ushuhuda wa kanisani: wanga ndio adui. Hapo ndipo huwa tunakosana.

Wacha tuelewane kwanza. Wanga ni glukosi nyingi zilizoshikana kama mnyororo. Mmea wa mahindi unauweka kwa punje uwe akiba ya mche utakaoota, na sisi tunaila hiyo akiba. Karibu asilimia 70 ya punje ni wanga. Mtu wa mjengo anayebeba saruji hadi orofa ya sita hawezi kula saladi saa saba halafu arudi kazini. Kumwambia wanga ni sumu ni dharau, si afya.

Shida iko kwa kinu. Punje ina ganda, kiini, na ile sehemu kubwa ya wanga. Mafuta, vitamini B na madini mengi yako kwa kiini na ganda. Ule unga mweupe wa pakiti hupatikana kwa kuviondoa hivyo viwili, na vingi huishia kwa chakula cha mifugo. Ng'ombe anakula afya, wewe unakula weupe. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezwe vitamini na madini. Sheria nzuri, lakini ona hesabu yake: tunalipia kutoa, tunalipia kurudisha.

Najua jibu la wenye viwanda: unga usiokobolewa huharibika haraka kwa sababu ya mafuta ya kiini. Ni kweli. Lakini nani kwenye ploti yetu huweka unga miezi mitatu? Kilo mbili haimalizi wiki. Tunachoogopa ni macho ya watu. Unga wa posho ukionekana mbele ya mgeni, tunahisi umaskini wetu umeanikwa.

Wanasiasa wanaujua huu ugonjwa wetu wa pakiti. 2017, miezi michache kabla ya uchaguzi, kilo mbili ilishushwa hadi shilingi 90. 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, ikawa shilingi 100. Mimi sikusikia ruzuku ya maharagwe. Na maharagwe ndiyo yangetusaidia, kwa sababu protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, na maharagwe yanayo kwa wingi. Ile githeri tuliyoichukia shuleni ilikuwa imeshafanya hesabu yote: punje nzima, maharagwe, sufuria moja. Leo tunaicheka, halafu tunalipa pesa nyingi kwa kitu chochote kilichoandikwa "nafaka nzima".

Kwa hivyo ukitaka kuacha kitu Januari, acha weupe. Nunua mahindi makavu, yachambue vizuri, yenye ukungu utupe, maana aflatoksini iliua zaidi ya watu 100 huko Ukambani 2004. Peleka kwa posho, useme wasikoboe. Ugali utatoka na rangi kidogo na utakuwa mzito zaidi kutafuna. Utazoea.

Na mgombea akikuja na pakiti ya unga mkononi, muulize maharagwe ameyaacha wapi.