KANUNI ZA TANURI ZISIPUNGUZWE BILA MFANYAKAZI



Sisi wa Malaba, tunaoliona jiwe la Tororo kila kunapokucha, saruji si jambo geni kwetu. Kiwanda cha Tororo ni jirani yetu tangu miaka ya 1950. Kwa hiyo tunayo haki ya kusema juu ya mitambo inayoongoza tanuri za saruji duniani.

Wako wanaodhani ufundi huo ulizaliwa ofisini. Sivyo. Mwaka 1965 Profesa Lotfi Zadeh wa Marekani alieleza hesabu ya mambo ya kadiri, iitwayo fazi: si moto au baridi tu, bali moto kidogo, moto wa kutosha, moto sana. Katikati ya miaka ya 1970 Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania ya leo, pamoja na mwanafunzi wake Assilian, waliendesha kwa hesabu hiyo injini ndogo ya mvuke huko London. Miaka hiyo ikiisha, mafundi wa Denmark waliipeleka kwenye tanuri la saruji.

Kanuni walizitoa wapi? Kwa wachomaji wa tanuri! Mgeni akiona moto umepoa huongeza mafuta. Mchomaji anajua kwamba kama oksijeni nayo ni haba, mafuta hayo hayataungua. Hupunguza mafuta na mwendo wa tanuri. Hiyo ndiyo kanuni, na ni jasho la mfanyakazi.

Sasa wataalamu wanataka kanuni ziwe chache. Hatuwapingi. Vipimo 3, kila kimoja kikiwa na maneno 3, vinaleta kanuni 27. Maneno yakiwa 5, kanuni ni 125. Ongeza kipimo cha nne, zinakuwa 625. Nani atazisoma zote usiku wa zamu na kujua ipi imekosewa? Kanuni chache zinaeleweka, na kinachoeleweka kinaweza kukaguliwa.

Njia zipo. Kanuni mbili zikitoa amri ileile, kipimo cha tatu kiwe juu au chini, ziunganishwe. Tena kazi inaweza kugawanywa: vipimo viwili vijibiwe kwanza kwa kanuni 25, na jibu hilo liunganishwe na kipimo cha tatu kwa kanuni 25 nyingine. Jumla ni 50 badala ya 125.

Lakini iko njia moja tunayoikataa: kufuta kanuni kwa sababu haitumiki mara nyingi. Ndoo ya mchanga ukutani nayo haitumiki mara nyingi. Kanuni ya nadra huenda ndiyo ya siku ya hatari, na siku hiyo anayesimama karibu na moto si mtaalamu wa kompyuta.

Kwa hiyo, popote mitambo ya namna hii inapowekwa, tunadai mambo matatu. Kwanza, kanuni ziandikwe kwa lugha inayosomwa na wenye zamu. Pili, isifutwe hata moja kabla mchomaji mzoefu na mwakilishi wa chama hawajaulizwa. Tatu, maarifa yaliyochukuliwa kwa mfanyakazi yahesabiwe katika mshahara wake, yasigeuzwe sababu ya kumfukuza.

Wapunguze kanuni, wasipunguze watu.

Umoja ni nguvu!