Chakula cha Siku Kumi na Mbili



Mwezi una siku 30, lakini mshahara wa wengi wetu haudumu zaidi ya siku 10. Siku zilizobaki twazipitisha kwa daftari la dukani, kwa mkopo wa simu, na kwa kupita njia ya nyuma ili mwenye duka asituone. Kila mmoja wetu aijua njia hiyo ya nyuma. Leo hatutaki kuchekana. Twataka kuulizana swali moja tu: nyumbani kwako kuna chakula cha siku ngapi?

Tuna sababu ya kuuliza. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi zaidi ya 15,000 wa Mombasa waliweka vyombo chini. Walikuwamo watu wa reli, watu wa bandarini na wengine wa kazi za mjini. Walisimama siku 12. Baadaye baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker likatoa nyongeza. Sisi tunaoandika hapa hatukuwa tumezaliwa, lakini habari hiyo tumeisikia tangu siku ya kwanza ya kuvaa nguo za kazi. Jambo lisilosemwa sana ni hili: katika siku zile 12 kila mtu alikuwa na tumbo lake, na wengi walikuwa na watu nyumbani waliowategemea.

Basi tujipime kwa siku hizo 12. Hatutangazi mgomo, mtu asije akatusingizia. Lakini mshahara waweza kuchelewa. Mtoto aweza kulazwa hospitali. Kazi yaweza kupunguzwa. Na siku ya kukaa na mwajiri mezani ikifika, mtu ambaye mshahara wa mwezi ujao umekwisha kuliwa hana sauti mkutanoni. Yeye ndiye wa kwanza kunong'ona, "Tukubali tu, jamani." Mtu huyo si mwoga. Ni mwenye deni.

Tena tuseme wazi: hatusemi kwamba mshahara watosha. Hautoshi, nasi tutaendelea kudai. Lakini mtu akidai maji zaidi kisimani huku ndoo yake ina tundu, atachoka bure. Twatazame matundu.

KWANZA, TUNDU LA KIPIMO KIDOGO. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini kibaba hichohicho humwagika haba na haba. Tuseme mafuta ya kupikia ya kipimo ni shilingi 20 kila siku. Kwa siku 30 ni shilingi 600. Sasa tuseme kipimo hicho chaingia mara 20 katika chupa ya lita moja: lita hiyo umeinunua shilingi 400. Kama chupa nzima dukani ni shilingi 300, umempa mtu shilingi 100 bure. Usiamini hesabu yetu. Chukua chupa tupu na kipimo cha duka la mtaani kwako, pima wewe mwenyewe, uone. Kisha pima na sukari ya robo, na majani ya chai ya karatasi, na makaa ya mkebe. Maskini hununua kwa bei ya juu kuliko tajiri, kwa sababu tajiri hununua gunia.

Utasema, "Pesa za gunia ntazitoa wapi?" Swali la haki. Jibu lake liko kwetu zamani. Wamijikenda walikuwa na mweria, na mahali pengine bado upo: leo watu hulima shamba la mmoja, kesho la mwingine, hata mashamba yote yakaisha. Yafaa tufanye mweria wa dukani. Nyumba sita zikichanga siku ya mshahara, gunia la mahindi la kilo 90 ni kilo 15 kwa kila nyumba, kwa bei ya gunia na si kwa bei ya kibaba. Kina mama wetu wameendesha michezo yao ya kuchangiana kwa miaka mingi, na daftari zao ni safi kuliko za wanaume wengi. Twapaswa kujifunza kwao badala ya kuwacheka.

PILI, TUNDU LA MAJIRA. Sisi watu wa pwani twajua majira, lakini twanunua kana kwamba hatujui. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, ngalawa hutoka, na samaki wa Malindi na Kilifi huwa wengi na rahisi. Kusi ikivuma bahari huchafuka na kitoweo hupanda bei. Basi mbona twanunua samaki wengi wakati wa kusi, tusikaushe ng'onda wakati wa kaskazi? Chumvi tunayo hapohapo Gongoni. Mahindi nayo huwa rahisi baada ya mavuno ya mvua kubwa, na huwa ghali kabla ya mavuno yanayofuata. Nunua wakati wa mavuno, uyakaushe sawasawa juani juu ya turubai, uyaweke juu ya mbao, yasiguse sakafu. Usicheze na mahindi yenye ukungu. Mwaka 2004 sumu ya ukungu wa mahindi iliua watu 125 huko Ukambani. Akiba mbovu si akiba.

Kunde, pojo na mbaazi zilowekwe tangu usiku, zitaiva upesi na kuni zitabaki. Jiko la makaa lenye udongo ndani hula makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Vifuu na makumbi ya nazi, ambayo wengine huyachoma uani kama taka, ni kuni za bure. Kisamvu na mchicha nyuma ya nyumba havitaki nauli ya sokoni. Mambo haya bibi zetu waliyajua. Sisi tulioenda shule ndio tuliyasahau.

TATU, TUNDU LA MAJIKO MAWILI. Reli haifiki Malindi, wala haifiki Kilifi mjini. Wengi wetu twafanya kazi Mombasa, Changamwe, Mazeras au Mariakani, na watu wetu wako Malindi, Gongoni, Ganze, Kaloleni au Takaungu. Kwa hiyo mshahara mmoja wawasha majiko mawili. Asubuhi chai na mahamri hotelini, mchana wali, jioni tena hotelini, na nyumbani nako mama watoto angoja. Wako wenzetu wanne wanaokaa nyumba moja Changamwe. Walikuwa wakila hotelini kila mtu kivyake. Sasa wamenunua sufuria moja kubwa, wanapika kwa zamu, na chakula cha kazini wanachukua kwenye mkebe. Mmoja wao atuambia kwamba pesa alizokuwa akizila hotelini ndizo zilizomnunulia mwanawe sare na madaftari shule zilipofunguliwa. Shule ya msingi haikutakiwa kuwa na karo tangu 2003, lakini kila mzazi ajua kwamba Januari ina meno.

Juu ya mnazi hatutahubiri. Mtu akinywa kata moja na wenzake jioni ya Jumamosi, ni mambo yake. Twamwomba tu atoe ya nyumbani kwanza, kisha ndipo akae chini ya mnazi wake. Akigeuza mpango huo, ajue kwamba watoto ndio wanaolipa.

NNE, TUNDU LA SIMU. Tangu 2007 pesa zimeingia katika simu, na jambo hilo limetusaidia sana kupeleka matumizi nyumbani. Lakini tangu 2012 mikopo nayo imeingia. Ada ya M-Shwari ilipoanza mwaka huo ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Yaonekana ndogo. Basi tupige hesabu. Ukikopa shilingi 2,000 ada ni shilingi 150. Ukilipa, na kesho yake ukakopa tena, na ukafanya hivyo miezi 12, umelipa ada ya shilingi 1,800. Karibu pesa yote uliyokopa umeilipa mara ya pili, na mwisho wa mwaka bado huna kitu mkononi. Vyama vingi vya akiba na mikopo vya wafanyakazi hutoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Shilingi 2,000 zilezile, mwezi wa kwanza ni shilingi 20. Tena faida ikipatikana hurudi kwa wanachama. Asiye na hisa katika chama cha akiba na ajiulize ni nani anayemfanyia kazi.

TANO, TUNDU LA MATANGA. Hili ni gumu, tena twaliandika kwa heshima. Bwana David Parkin alikaa na Wagiriama wa upande wa Kaloleni katika miaka ya 1960, akaandika kitabu kilichotoka 1972. Alionyesha jinsi watu walivyotoa minazi yao, kwa kuiuza au kuiweka rahani, ili wapate gharama za mahari na za matanga, na jinsi minazi hiyo ilivyokwenda kukusanyika mikononi mwa wachache. Miaka mingi imepita, nasi bado twaona jambo hilohilo. Mwenzetu mmoja alifiwa na baba yake. Alilisha watu siku nyingi, akakodi turubai, viti na muziki. Watu wakamsifu. Walipoondoka, minazi ambayo baba yake aliipanda kwa mkono wake ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine. Sasa akienda nyumbani likizo hununua nazi sokoni. Hebu tujiulize: marehemu angepewa hiari, angechagua muziki au minazi?

Hatusemi watu wasizikwe kwa heshima. Twasema wazee, ndugu na jamaa waketi kabla ya siku hiyo, wakubaliane kiasi. Twasema kila tawi liwe na mfuko wa maziko, mwanachama akifiwa apate msaada siku hiyohiyo, asikimbilie kuuza mti. Na sisi tulio na kazi tuwe wa kwanza kusema "yatosha", kwa maana mwenye mshahara akifanya makuu, asiye na mshahara huona aibu na kuuza shamba ili amfuate.

SITA, TUNDU LA SIRI. Tundu hili twaliweka mwisho kwa kuwa ni kubwa kupita yote. Wanaume wengi hapa hawajawahi kumwambia mke wao mshahara ni kiasi gani. Mke naye, kwa kuwa hajui, huomba kama anayevua gizani: akiomba nyingi aitwa mfujaji, akiomba chache watoto hulala njaa. Naye hujificha na deni lake la dukani. Nyumba yenye siri mbili haiwezi kuwa na akiba moja. Ndugu yetu, siku ya mshahara kaa chini na mama watoto, weka karatasi ya mshahara mezani, na makato yote, hata yale unayoyaonea haya. Andikeni pamoja: chakula, kodi, shule, nauli, wazee, deni, akiba. Akiba itolewe kwanza, kwa maana ikingoja kubaki haitabaki. Siku ya kwanza mtagombana. Mwezi wa tatu mtashangaa.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Jamaa ya watu sita wakila sima ya unga kilo 2 kwa siku, siku 12 ni pakiti 12 za kilo 2, na kunde nusu kilo kwa siku ni kilo 6. Siku ya mshahara nunua pakiti 2 za unga na kilo 1 ya kunde zaidi ya matumizi yako, uziweke kando. Mwezi ujao fanya hivyo tena, ule zile za zamani na uweke mpya mahali pake, zisiharibike. Kwa miezi sita umefika. Hakuna daftari la dukani litakalokutisha siku hizo 12, wala hakuna mtu atakayekununua kwa sima.

Chama hiki kina nguvu kama zilivyo nyumba za wanachama wake. Baada ya miezi sita tutauliza tena katika ukurasa huu: nyumbani kwako kuna chakula cha siku ngapi? Tawi litakaloweza kujibu "siku 12" kwa kila nyumba, habari yake tutaiandika hapa ili wengine waone wivu mwema.

Soma, kisha mpe mwenzako. Asiyejua kusoma asomewe, na karatasi hii ifike nyumbani, isiishie karakana.

Wenu katika kazi,
MHARIRI